Kapasita Niliyoidharau

Tuliporudi shuleni baada ya likizo ya Desemba, kila mtu alisimulia habari za kwao. Mmoja alisema habari za ng'ombe aliyezaa mapacha, mwingine habari za safari ya Tanga. Mimi nilipoulizwa nilijibu kwa kifupi kwamba kwetu kulikuwa na harusi, kisha nikageuza mazungumzo. Leo nataka kueleza kwa nini niligeuza mazungumzo. Mwalimu wetu wa fizikia ndiye aliyenishauri kuandika. Alisema kwamba kosa likielezwa vizuri hufundisha wengi, lakini likifichwa humfundisha mmoja tu, tena kwa shida.

Kwetu ni Marangu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Marangu Mtoni, ukipanda kati ya migomba na mibuni. Wenyeji wa Kilimanjaro mnajua Desemba ilivyo. Watoto wa kila kihamba hurudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na hata Nairobi. Barabara ya kutoka Himo hujaa magari, na mabonde husikika nyimbo za harusi kila Jumamosi. Basi na sisi tulikuwa na harusi. Shangazi yangu mdogo, anayefanya kazi Mwanza, alikuwa anaolewa.

Baba mdogo ana vyombo vya muziki: amplifaya moja, maikrofoni mbili na masanduku mawili ya spika yaliyo marefu kunifikia kifuani. Huvikodisha katika harusi na mikutano, na kwa fedha anazopata huwanunulia watoto wake sare, viatu na madaftari. Vyombo hivyo ni shamba lake la pili. Kila sanduku lina spika mbili. Iliyo kubwa, pana kama sinia, hutoa sauti nene za ngoma na besi. Ya juu ni ndogo kama kisosi, nayo hutoa sauti nyembamba na kali. Mafundi huiita twita.

Siku ya Alhamisi kabla ya harusi, baba mdogo alijaribu vyombo uani, akagundua kwamba twita ya sanduku moja haitoi sauti. Akasema, "Kesho nitaipeleka Moshi kwa fundi." Mimi nikadakia, "Baba mdogo, usijisumbue. Nipe bisibisi, nitaitengeneza mimi. Umeme tumesoma shuleni." Akanitazama kidogo, akacheka, akanipa bisibisi. Alikuwa na mambo mengi siku hiyo: mahema, viti, na gari la kumchukua bibi harusi.

Hapa lazima nieleze ujasiri ule ulitoka wapi. Marehemu babu aliacha redio ya zamani, yenye sanduku la mbao, ambayo alikuwa akiisikiliza tangu siku za Radio Tanzania Dar es Salaam. Nilipokuwa darasa la tano niliifungua mgongo. Nikazungusha kitufe cha kutafutia stesheni, nikaona ndani yake vibati vyembamba vingi vikiingiliana na vibati vingine bila kugusana, kama vidole vya mikono miwili. Nilivizungusha mara nyingi nikistaajabu. Sikujua vinafanya nini, lakini tangu siku ile kila mtu nyumbani akaniita "fundi". Jina hilo nililipenda kuliko nilivyostahili.

Basi nikafungua sanduku la spika. Nikaona nyaya mbili zikitoka nyuma ya sanduku kwenda kwenye twita. Katika waya mmoja, katikati ya njia, palikuwa na kidude cheusi chenye umbo la kipande kifupi cha chaki, kimeandikwa namba 4.7. Mguu wake mmoja ulikuwa umekatika. Nilikitambua: ni kapasita. Nikakumbuka nilivyosoma katika kitabu kwamba kapasita ni mabamba mawili ya chuma yaliyotenganishwa na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Nikajiambia, "Kama katikati pana kihami, basi kidude hiki hakipitishi kitu. Kimewekwa kupunguza sauti tu." Nikakikata, nikaunganisha waya kwa waya, nikafunga utepe.

Nikawasha. Lo! Twita ikalia, tena kwa nguvu kuliko ile ya sanduku la pili. Watoto wakashangilia. Kwa kuwa sanduku hili sasa lilisikika zaidi, nikafungua na la pili, ambalo halikuwa na ubaya wowote, nikaikata kapasita yake pia, nikaunga waya. Baba mdogo alipita akasema, "Kumbe shule inafaa!" Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Jumamosi ikafika. Watu walikuwa wengi, mbege ilikuwapo ya kutosha, na mpiga muziki akafungulia sauti hadi migomba ikatetemeka. Kwa muda wa saa moja hivi mambo yalikwenda vizuri. Kisha nikasikia harufu kama ya plastiki iliyochomwa. Twita ya kwanza ikanyamaza. Baada ya dakika chache na ya pili ikanyamaza. Ngoma na besi ziliendelea kudunda kama kawaida, hata wachezaji hawakugundua kitu. Mimi niligundua, nikajisogeza nyuma ya hema.

Ubaya ulionekana ilipofika zamu ya kutoa nasaha. Bibi yetu, aliyepita miaka themanini, ndiye aliyepewa maikrofoni kumuaga binti yake wa mwisho. Bibi hana sauti kubwa. Akazungumza polepole, taratibu, kwa muda mrefu. Lakini kilichotoka katika masanduku yale kilikuwa kama mtu anayesema ndani ya pipa lililofunikwa. Sauti ilisikika, maneno hayakusikika. Niliwaona wageni wakigeukiana na kuuliza, "Amesema nini?" Shangazi aliinamisha kichwa akijaribu kusikia, machozi yakimtoka, na sijui kama yalikuwa machozi ya nasaha au ya kuikosa. Bibi alipomaliza watu walipiga makofi kwa heshima tu. Jumapili asubuhi shangazi na mumewe wakaondoka kwenda Mwanza.

Baba mdogo alidhani umeme ulikuja kwa nguvu kupita kiasi ukaunguza vyombo. Akasema hivyo mbele ya watu wote, nami nilikuwapo, nikanyamaza. Nilinyamaza Jumapili nzima. Kusema kweli hilo ndilo linaloniumiza zaidi kuliko waya wenyewe. Waya niliuunga kwa kutojua, lakini kunyamaza nilijua.

Jumatatu tukabeba masanduku, tukapanda gari hadi Moshi mjini, kwa fundi mmoja mwenye kibanda karibu na soko. Ni mzee mtaratibu, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Akafungua sanduku la kwanza, akachungulia, akavua miwani. Kisha akafungua la pili. Akamwuliza baba mdogo, "Ndugu yangu, nani aliyekutengenezea vyombo hivi?" Baba mdogo akajibu kwamba umeme ndio uliounguza. Fundi akasema, "Umeme haujui kufunga utepe." Hapo miguu ikaniisha nguvu. Nikasema, "Ni mimi, baba mdogo. Nilikata kapasita nikaunga waya. Jana nilijua, nikaogopa kusema."

Baba mdogo alinyamaza muda mrefu. Fundi ndiye aliyeokoa hali. Akaniuliza, "Kwa nini uliikata?" Nikamjibu kwamba kapasita haipitishi umeme. Akanyosha kidole juu, kwenye pangaboi lililokuwa likizunguka darini, akasema, "Ndani ya pangaboi hilo mna koili mbili. Koili moja hupata umeme wake kupitia kapasita. Ikifa kapasita, pangaboi hulia mmm, lakini halianzi kuzunguka mpaka ulisukume kwa mkono. Sasa niambie, kama kapasita haipitishi umeme, koili ile inapata wapi umeme?" Sikuwa na jibu.

Akanieleza kwa mfano ambao kila mtoto wa Kilimanjaro anaujua. Sisi tuna mifongo, ile mifereji ya wazee inayoleta maji kutoka juu ya mlima, na penye mifongo huwa na mabwawa madogo ya kuhifadhia maji. Fundi akasema, fungulia maji yaingie bwawani. Mwanzoni yanaingia kwa kasi. Kadiri bwawa linavyojaa, kina chake kinapanda, na maji yaliyomo yanayasukuma yanayokuja. Likijaa sawasawa na mfereji, hakuna tena kinachoingia. Hivyo ndivyo kapasita inavyofanya ukiiunga na betri: mkondo hupita kwa muda mfupi sana, bamba moja linajaa elektroni na jingine linapungukiwa, kisha mkondo unakoma. Hapo kitabu changu kilisema kweli. Hakuna elektroni inayovuka kihami.

"Lakini," akasema, "umeme wa muziki na umeme wa nyumbani si wa betri. Ni mkondo geu. Huenda mbele, ukarudi nyuma, ukaenda tena. Sasa fikiri bwawa ambalo maji yake huingia na kutolewa kwa zamu. Zamu zikiwa ndefu, bwawa litajaa na kuzuia kabla zamu haijaisha. Zamu zikiwa fupi, maji yataanza kutolewa kabla bwawa halijapanda hata kidogo, kwa hiyo mfereji haupati kizuizi. Maji yatakimbia huku na huku kana kwamba bwawa halina mwisho."

Ndugu wasomaji, maneno hayo machache yalinifungua kuliko kurasa nyingi nilizokariri. Kapasita si ukuta, wala si waya mtupu. Huuliza mkondo swali moja: unageuka mara ngapi kwa sekunde? Anayegeuka polepole humzuia, anayegeuka upesi humpisha. Idadi hiyo ya kugeuka na kurudi kwa sekunde moja ndiyo tunayoiita masafa, na kipimo chake ni hezi, kwa heshima ya mtaalamu wa Ujerumani Heinrich Hertz.

Umeme wa majumbani hapa Tanzania una masafa ya hezi 50. Maana yake, katika kila sekunde huenda na kurudi mara 50. Jambo hili linatuhusu sisi wa mlimani zaidi ya wengi. Mito inayoshuka Kilimanjaro huingia Kikuletwa na Ruvu, nayo hulijaza bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo mitambo yake ya megawati 8 ilianza kazi katika miaka ya mwisho ya 1960. Maji hayohayo huendelea kuteremka na mto Pangani hadi Hale, penye kituo cha mwaka 1964, na Pangani Falls, penye kituo kipya cha mwaka 1995. Kote huko maji huzungusha mitambo kwa mwendo uliopimwa, ili umeme utoke kwa hezi 50 zilezile. Kwa sababu masafa ya nyumbani hayabadiliki, mtengenezaji wa pangaboi huchagua kapasita ya kipimo kimoja, nayo humfaa siku zote.

Muziki ni kinyume. Katika waya mmoja wa spika hupita masafa mengi kwa pamoja. Ngoma kubwa na besi huwa na hezi 50, 80 au 100. Sauti ya mwanamke akizungumza huanzia karibu na hezi 200. Lakini herufi kama s, f, ch na sh, zile zinazotofautisha "sita" na "fita", nguvu zake nyingi ziko juu kabisa, katika maelfu ya hezi. Spika pana haiwezi kutikisika upesi namna hiyo, na ndiyo sababu ikawekwa twita. Nayo twita ina koili ya waya mwembamba kama unywele, isiyoweza kubeba mkondo mzito wa besi. Kapasita huwekwa mlangoni pake kama bawabu: besi zirudi, sauti nyembamba zipite. Mimi nilimfukuza bawabu katika nyumba mbili, kisha nikashangaa nyumba zilipovamiwa.

Tuliporudi shuleni Januari nilimweleza mwalimu wetu yote. Hakunicheka. Alinipeleka maabara pamoja na wenzangu wanne, akatupa kapasita ya maikrofaradi 1, chombo cha kutoa mkondo geu wa masafa tunayotaka, na mita. Faradi ni kipimo cha uwezo wa kapasita, na jina lake limetoka kwa Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1791. Maikrofaradi ni sehemu moja ya milioni ya faradi. Tukaweka volti 2, tukazishikilia hapohapo. Kwa hezi 50 mita ilisoma karibu miliampea 0.6. Kwa hezi 100 ikasoma karibu 1.3. Kwa hezi 200, karibu 2.5. Kwa hezi 400, karibu 5. Kila tulipozidisha masafa mara mbili, mkondo nao ulizidi mara mbili, ingawa volti hazikubadilika. Mwenzangu mmoja akasema, "Kama fundi wako alivyosema juu ya bwawa." Nikafurahi kusikia hivyo.

Kisha mwalimu akatuonyesha hesabu. Ukitaka kujua kapasita itazuia mkondo geu kwa omu ngapi, zidisha 2 kwa pai, kwa masafa, kwa ukubwa wa kapasita katika faradi. Jibu utakalopata, ligawe 1 kwalo. Nikaomba ubao nipige hesabu ya kapasita ileile niliyoikata, ya maikrofaradi 4.7. Kwa hezi 50, kizuizi chake ni omu 677. Kwa hezi 500 ni omu 68. Kwa hezi 5,000 ni omu 7 hivi. Kidude kilekile, bila kuguswa, ni mlima mbele ya ngoma na ni kizingiti tu mbele ya herufi s.

Mwalimu akasema, "Endelea. Tujue uliifanya nini twita." Tuchukue volti 20 za besi yenye hezi 100, na twita ya omu 8. Kapasita ikiwapo, kizuizi ni kama omu 339, na mkondo haufiki hata sehemu 6 za mia za ampea moja. Nguvu inayoingia katika twita ni chini ya sehemu 3 za mia za wati. Kapasita isipokuwapo, mkondo ni ampea 2.5 na nguvu ni wati 50. Nikaweka chaki chini. Niliona tena moshi ule na kusikia harufu ile. Uani Alhamisi twita haikuungua kwa sababu tulifungulia sauti ndogo. Kosa lilikuwa tayari limo, likingojea Jumamosi.

Nilimwuliza pia mwalimu habari ya redio ya babu. Akacheka akasema vibati vile vinavyoingiliana ni kapasita vilevile, na kihami chake ni hewa. Ukizungusha kitufe, vibati vinaingiliana zaidi au kidogo, na ukubwa wa kapasita unabadilika. Ndani ya redio kapasita hiyo huwekwa pamoja na koili, na koili ina tabia ya kinyume: hupisha wanaogeuka polepole na kuwazuia wanaogeuka upesi. Wawili hao hupatana kwenye masafa mamoja tu, na stesheni ya masafa hayo ndiyo inayosikika kuliko nyingine zote. Hivyo babu, kila jioni alipozungusha kitufe kutafuta taarifa ya habari, alikuwa akibadilisha bwawa lake mpaka lipatane na wimbi moja kati ya mengi yaliyojaa angani juu ya mlima wetu. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuiona siri hiyo kwa macho yangu tangu darasa la tano, nisiijue.

Kwa wadogo zangu wanaopenda kufungua vitu, naongeza onyo moja. Bwawa hubaki na maji hata ukifunga mfereji. Kapasita kubwa ya amplifaya au ya televisheni hubaki na umeme hata ukichomoa waya ukutani, na inaweza kukurusha. Hili lilijulikana tangu zamani. Mnamo 1745 na 1746, Mjerumani Ewald Georg von Kleist na Pieter van Musschenbroek wa mji wa Leiden, Uholanzi, kila mmoja kwa njia yake aligundua kwamba chupa ya kioo yenye kimiminika huweza kuhifadhi umeme. Wote waliligundua kwa kupigwa na umeme huo. Tusirudie somo lao.

Sasa nimalizie habari ya nyumbani. Twita mbili na kapasita mbili ziligharimu shilingi 32,000, ambazo baba mdogo alilipa kwa fundi bila kusema neno. Nami nilizilipa kwa siku zilizobaki za likizo: kukata majani ya ng'ombe asubuhi, na kusafisha mfongo na kubeba mbolea mchana. Hakunipiga wala hakunitukana. Jioni moja tu, tukiwa tunashuka na mizigo ya majani, alisema, "Ungeniambia Jumamosi ileile, tungeazima kipaza sauti kwa jirani, na bibi angesikika." Nikatamani angenipiga.

Siku ya mwisho ya likizo nilikwenda jikoni kwa bibi, nikakaa karibu na moto, nikamwomba aniambie alichomwambia shangazi. Alinitazama kama mtu anayepima kama nauliza kwa dhati. Kisha akasema, "Nilimwambia kwamba moto wa nyumba usiku haufai kuzimwa. Hufunikwa majivu, ili asubuhi uwe na pa kuanzia. Mkikasirikiana, funikeni, msizime." Aliyasema yote tena, marefu, kwa sauti ile ndogo, na pale jikoni hapakuhitajika spika. Nikayaandika neno kwa neno katika karatasi mbili, nikaandika na kosa langu chini yake, nikampelekea shangazi Mwanza.

Jibu lake lilinifikia shuleni mwezi wa Februari. Aliandika kwamba barua wameisoma yeye na mumewe, na wameiweka pamoja na picha za harusi. Chini aliongeza maneno machache: safari ijayo niulize kwanza.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Kapasita ile ilikuwa ndogo kuliko kidole changu, nami niliidharau kwa sababu nilijua nusu ya habari zake, na hiyo nusu nikaiona ni habari nzima. Ewe mwenzangu unayesoma ukurasa huu, ukikuta katika chombo chochote kidude usichokijua kazi yake, jua kwamba aliyekiweka hapo alikuwa na sababu. Itafute sababu hiyo kabla ya kushika mkasi. Na kama umekwisha kukata, basi sema upesi, wakati bado kipaza sauti cha jirani kinaweza kuazimwa.